Mzee Malugu na Pengo la Ua

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo kaitikia kwa nusu mdomo? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Sogeeni karibu, na mwenye mtoto ampakate. Hadithi ya leo haina kicheko kingi. Lakini niliachiwa niisimulie, nami siwezi kuibadilisha ili mlale vizuri.

Zamani za kale, kabla bibi yangu hajazaliwa na bibi yake hajaota meno, palikuwa na kijiji katika nchi tambarare, nchi ya mtama na ng'ombe. Katika kijiji hicho alikaa mwanamke aitwaye Mbuke. Mumewe, Luhende, alikufa kwa homa. Alimwachia nyumba ya udongo, shamba la mtama nyuma ya nyumba, na binti mdogo, Holo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukimbia bila kuanguka.

Jirani yake alikuwa Shigela. Shigela alikuwa na ng'ombe. Ng'ombe wengi, ng'ombe wanono, ng'ombe wenye pembe ndefu. Zizi lake lilipakana na shamba la Mbuke. Kati ya zizi na shamba palikuwa na ua wa nguzo na fito, uliofungwa kwa kamba za magome. Ua huo ulikuwa umezeeka. Mchwa wanaula chini, jua linaukausha juu. Upepo ukivuma, ua unalia: kwii, kwii, kwii.

Luhende alipokuwa hai, Mbuke alimwambia, "Baba Holo, ule ua unaoza."

Luhende akajibu bila kuinua kichwa, "Ule ua ni wa Shigela. Mwache Shigela autengeneze."

Mvua zikaja, zikaondoka. Mbuke akasema tena, "Baba Holo, ua unayumba."

"Ua ni wa Shigela."

Basi Mbuke akalichukua neno hilo akaliweka moyoni. Ua ni wa Shigela. Luhende akafa, akazikwa, na neno likabaki: ua ni wa Shigela. Na ua ukaendelea kulia: kwii, kwii, kwii.

Mwaka ule mvua ziligoma. Mtama wa watu wengi ulikauka ungali mdogo. Wa Mbuke ulikuwa kwenye kibonde, ukapata unyevunyevu, ukashika masuke. Haukuwa mwingi. Lakini kila asubuhi Mbuke alipita katikati ya mistari, akashika suke hili, akashika lile, akamwambia Holo mgongoni, "Mwanangu, hatutakufa."

Siku moja kisima cha karibu kilikauka. Mbuke akamfunga Holo mgongoni, akajitwika mtungi, akaenda kisima cha mbali. Aliondoka umande haujakauka, akarudi jua likiwa utosini. Kabla hajafika nyumbani akasikia: chakacha, chakacha, chakacha.

Akasimama.

Chakacha, chakacha, chakacha.

Mtungi ukamtoka. Pwaa! Maji yote yakanywewa na vumbi. Mbuke akakimbia, na Holo akirukaruka mgongoni.

Ng'ombe wa Shigela walikuwa ndani ya mtama. Ua ulikuwa umelala chini kama mlevi, na palipokuwa na fito palikuwa na pengo la kupita kundi zima. Mbuke akashika fimbo. Hoo! Hoo! Ng'ombe mmoja akageuka akamtazama, suke likining'inia mdomoni, kisha akaendelea kutafuna. Mpaka anamtoa wa mwisho, hapakuwa na shamba tena. Yalibaki mabua yaliyovunjika, na masuke yaliyokanyagwa kwenye kinyesi.

Shigela akaja mbio. Akatazama. Akashika kiuno.

"Pole, shemeji," alisema.

"Pole haipikwi, shemeji. Ng'ombe wako wamekula chakula cha mwanangu."

"Ng'ombe ni mnyama, hajui cha mtu. Kazi ya kumzuia ni ya ua. Na ua ni wako."

"Wangu? Ua ni wako!"

"Wako, shemeji! Aliujenga Luhende, nami nikimwona kwa macho yangu."

"Mwongo wewe! Unamsingizia marehemu kwa sababu hawezi kujibu!"

Watu wakajaa. Kila mtu akauliza swali moja tu: ua ni wa nani? Maana sheria ya kijiji kile ilikuwa fupi. Mwenye ua ndiye mwenye hasara. Ua ukiwa wa Shigela, Shigela atawalisha Mbuke na mwanawe kutoka ghalani kwake mpaka mavuno mengine. Ua ukiwa wa Mbuke, Mbuke hapati hata punje.

Wakaenda kumwita Mzee Malugu.

Malugu hakuwa mtemi, na mali hakuwa nayo. Wanawe walikuwa wamekufa wote, akabaki na mkwe wake mmoja, Wande, mjane wa kitinda mimba wake, ndiye aliyempikia. Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu, na la pili lilikuwa njiani kulifuata. Lakini hapakuwa na mtu katika kijiji aliyeweza kusema, "Siku ile Malugu alinipendelea," wala "Siku ile Malugu alinionea." Kwa hiyo walimpelekea kesi zao.

Alikuja akiegemea fimbo yake, taratibu, ta, ta, ta, mpaka kwenye pengo. Mbuke akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Pole."

Akamsikiliza Mbuke mpaka mwisho. Akamsikiliza Shigela mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mtu anayejenga ua husimama upande wake. Fito huziegemeza upande wa pili, kamba huivuta kwake, na fundo hulifungia kwake, ili siku ya kutengeneza asiingie kwa jirani kuomba njia. Hivyo ndivyo walivyofanya waliotutangulia, na ndivyo tunavyofanya. Twende tukayatafute mafundo."

Malugu akaufuata ua ulioanguka. Anainama, anapapasa, anainuka. Kamba nyingi zilikuwa zimeoza, zikigeuka unga mikononi mwake. Anainama, anapapasa, anainuka. Mbuke alikuwa nyuma yake, hatua kwa hatua. Hatimaye mzee akasimama kwenye nguzo moja iliyokuwa bado wima.

"Mbuke, mwanangu. Lete mkono wako."

"Baba, wewe sema tu."

"Sitaki uambiwe. Nataka uguse."

Mbuke akatoa mkono. Mzee akauchukua, akauweka kwenye fito. Vidole vyake vikagusa fundo. Lilikuwa upande wa shamba. Upande wake.

Wakaenda nguzo ya pili. Fundo, upande wake. Wakaenda nyingine. Fundo, upande wake. Na hili la mwisho vidole vya Mbuke vilikataa kuliachia. Lilikuwa limezungushwa kinyume, kushoto kwenda kulia, na ncha ya kamba imerudishwa ndani na kufichwa. Katika kijiji kizima mtu mmoja tu alifunga hivyo, kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. Kuna banda la kuku nyumbani kwa Mbuke lililofungwa hivyo. Kuna kitanda kilichofungwa hivyo, kitanda ambacho Holo alizaliwa juu yake.

Luhende.

Mbuke hakulia pale. Alijiona tu akimzika mumewe mara ya pili, na mara hii hakukuwa na mtu wa kumwambia pole. *Ule ua ni wa Shigela.* Bila kuinua kichwa. Uvivu tu, jamani. Alikuwa amechoka siku ile, au alitaka kulala, akasema neno la kumnyamazisha mke. Na neno lile lilikuwa limekula shamba.

"Umelijua fundo hili?" Malugu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimelijua, baba."

Mzee akawageukia watu. "Ua ni wa Luhende. Luhende hayupo, kwa hiyo ni wa Mbuke. Hasara ni yake. Shigela hadaiwi."

Watu wakaguna. Walikuwa wanamhurumia Mbuke, na walitegemea mzee naye angemhurumia. Shigela akashusha pumzi. Akawa anageuka kwenda zake, lakini Malugu akamwita.

"Shigela. Bado. Ng'ombe wanapita kila siku kando ya ua huu. Uliliona pengo?"

Shigela akatazama chini. "Kwanza lilikuwa dogo, upande wa shamba limefunikwa na mtama."

"Uliliona?"

"Nililiona."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi ulipoandama."

"Ukamwambia Mbuke?"

"Ua haukuwa wangu, baba."

Mzee Malugu akaipapasa tena ile nguzo. Kisha akasema, "Nimetafuta hukumu ya mtu aliyeona akanyamaza. Waliotutangulia hawakuniachia hukumu hiyo. Nenda nyumbani, Shigela."

Watu wakatawanyika. Mbuke akabaki na mzee penye pengo, na Holo akiokota mabua.

"Baba, umeniua," Mbuke alisema. "Ungesema tu ua ni wa Shigela. Ghala lake limejaa. Nani angekubishia?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu vidole vyako vingejua. Ungekula mtama wa Shigela kila siku na vidole vyako vinajua. Na ikija siku ya wewe kuonewa kweli, ungekuja kwangu, ukanitazama, na ungejua umesimama mbele ya mwongo."

Mbuke alimnyanyua Holo akaingia ndani. Siku ile alimchukia mzee yule kwa moyo wake wote.

Njaa ikaja, jamani. Njaa haipigi hodi. Watu wakaanza kupika milango imefungwa, ili jirani asione moshi. Wakaanza kula huku wameshika mdomo, ili jirani asisikie. Mbuke akauza kuku. Akachimba mizizi. Holo aliyekuwa anakimbia akaanza kutembea. Holo aliyekuwa anatembea akaanza kukaa.

Ndipo jioni moja Mbuke akasikia: ta, ta, ta. Mzee Malugu, na fimbo yake, na bakuli lililofunikwa kwa jani.

"Wande amepika kingi leo," alisema. "Mimi nimeshiba. Mpe mtoto."

Mbuke alitaka kukataa. Kisha akamtazama Holo. Akapokea.

Kesho yake: ta, ta, ta. "Kimebaki. Mimi nimeshiba." Kesho kutwa: ta, ta, ta. "Mpe mtoto. Mimi nimeshiba." Jioni baada ya jioni. Mzee alikaa mlangoni, akamtazama Holo akila, akasimulia mambo ya zamani, kisha akaondoka. Mbuke naye akawa anapata tonge moja au mawili. Chuki ikaanza kumlegea. Alifikiri, kumbe nyumbani kwa mzee kuna akiba. Alifikiri hivyo kwa sababu alihitaji kufikiri hivyo. Aliona mashavu ya mzee yakiingia ndani, akasema moyoni, ni uzee. Aliona mkono ukitetemeka kwenye bakuli, akasema, ni uzee.

Asubuhi moja Wande alipita akienda kuchanja kuni. Akasimama.

"Dada Mbuke, nilikuwa nataka kukushukuru kwa kula na baba kila jioni."

"Kula naye?"

"Si anakula hapa? Kila jioni nikimtengea ananiambia, nifungie, nakwenda kula na mtoto wa Mbuke, mtoto hapendi kula peke yake. Anarudi anasema ameshiba."

Mbuke akamsogelea.

"Wande. Hapa anasema ameshiba kwako."

Wakatazamana. Safari ya kuni ikaachwa pale pale. Wakakimbia wote wawili.

Mzee Malugu alikuwa amelala juu ya ngozi, kando ya ukuta. Alikuwa mwepesi kama kitu kilichopepetwa. Alipoisikia miguu ya wote wawili kwa pamoja, alielewa.

"Mmekutana," alisema, akatabasamu kidogo.

Mbuke akaanguka magotini. "Baba, kwa nini umetufanyia hivi?"

"Hukumu yangu ilikuwa ya kweli, mwanangu. Ningeitoa tena. Lakini ukweli haujazi tumbo la mtoto. Niliutoa kwa mdomo wangu. Kilichofuata nikaona ni juu yangu."

Wande akachemsha uji mwembamba wa unga uliobaki kwenye kibuyu. Mzee hakuweza kumeza. Ukaingia, ukatoka. Tumbo lilikuwa limekwisha kufunga mlango.

Mbuke akainuka. Hakumwambia Wande anakwenda wapi. Akapita shambani, akapita kwenye mabua, akasimama kwenye pengo la ua. Shigela alikuwa upande wa pili anakamua: chwaa, chwaa, chwaa. Tangu siku ile ya kesi, Mbuke hakuwa amemsemesha.

"Shigela!"

Shigela akashtuka. Mbuke hakumwita shemeji.

"Mzee Malugu anakufa kwa njaa. Chakula chake alikuwa anampa mwanangu. Nakwambia ili usije kusema hukujua. Sasa umejua."

Akageuka akaondoka. Hakuomba kitu. Nyuma yake akasikia kibuyu kikiinuliwa, halafu miguu, puu, puu, puu, ikikimbia. Shigela alimpita njiani, maziwa yakimmwagikia mikononi, hata hakumtazama.

Alimkuta mzee bado anapumua. Akampakata kichwa, akamdondoshea maziwa midomoni. Maziwa yakashuka kidevuni, yakaingia shingoni.

"Nani?" Malugu aliuliza. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu sasa.

"Ni Shigela, baba."

"Umekuja."

"Nimekuja, baba. Kunywa. Tafadhali, kunywa."

Mzee hakunywa. Alimshika Shigela kifundo cha mkono, akakishikilia hivyo hivyo. Jua halijazama, kijiji kikasikia kilio cha Wande.

Kaburi alichimba Shigela. Wanaume wengine walipotaka kumpokea jembe, alikataa. Udongo ulikuwa mkavu, mgumu: ku, ku, ku. Alipomaliza alisimama ndani ya shimo, jasho na vumbi vimemganda, akasema mbele ya watu wote, "Niliona pengo nikanyamaza. Nilimwona mtoto wa jirani akikonda nikanyamaza. Mlinisikia nikisema ua si wangu. Ni kweli, si wangu. Na tazameni tuko wapi."

Wengi walikuwa wanafikiria milango yao iliyofungwa na moshi waliouficha.

Siku iliyofuata Shigela alileta kikapu cha mtama mlangoni kwa Mbuke. Mbuke alikichukua, kwa ajili ya Holo. Hakusema asante. Shigela naye hakuingoja. Kisha Mbuke akasikia shoka: kwa, kwa, kwa. Akatoka nje. Shigela alikuwa anakata fito.

"Ua ni wangu," Mbuke alisema.

"Najua."

"Sasa unafanya nini?"

"Nakata fito."

Mbuke akaenda kutafuta magome ya kamba. Walifanya kazi mpaka jua likapinda, mmoja huku, mmoja kule, bila neno. Holo aliketi kivulini mwa nyumba na bakuli lake mapajani, akitazama njia, akimngoja mtu wa fimbo.

Msidhani walikuja kuwa marafiki. Hawakuwa. Mbuke alizeeka bila kucheka na Shigela hata mara moja. Lakini kila fito ilipolegea, hata usiku uwe wa mvua kubwa, Shigela alisimama kando ya ua akaita, "Mbuke! Pengo!" Na hakuondoka mpaka asikie, "Nimesikia!" Wengine wakaanza kufanya hivyo. Ukiona zizi la mwenzako limelegea, unaita. Ukiona paa limetoboka, unaita. Ukiona jiko halitoi moshi, unaita kwa nguvu zaidi. Ikawa ndiyo hukumu ambayo waliotutangulia hawakuiacha, na kijiji kile kiliipata kwa kumzika mtu.

Basi, wajukuu zangu, funzo ni hili. Kuuliza ua ni wa nani ni haki yako, na ukiulizwa wewe, jibu kweli, hata kama kweli inakuumiza. Lakini ukiliona pengo, usiulize kwanza ni la nani. Sema. Kujenga kunaweza kuwa kwa mwingine. Kusema ni kwako wewe uliyeona.

Hadithi yangu imechoka hapa, na hapa naiweka chini. Atakayeiokota, aibebe kwa mikono miwili.